Unga wa Chupa

Mchemraba wa kwanza ulipasuka mapema mno.

Binti Zege, kama walivyozoea kumwita pale maabara, alidhani mashine ya kupima nguvu ya zege imekosea. Alisimama kando yake, daftari mkononi, akisubiri mshale ufike thelathini na nne, mahali ulipofika mwaka mmoja uliopita kwa michemraba iliyomwagwa siku moja na huu. Mshale ulifika ishirini na moja, ukatetemeka, zege likalia kama kuni inayochanjwa.

"Weka mwingine," alisema.

Mzee Nyundo, fundi wa maabara aliyekuwa amevunja zege kwa miaka ishirini na sita, alifagia vipande akaweka mchemraba wa pili. Ishirini na mbili. Wa tatu, ishirini na moja tena. Akaokota kipande na kukigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti, hebu njoo uone."

Ndani ya kipande mlikuwa na nyufa nyembamba zilizotambaa kila upande, na katika baadhi yake ute mweupe ulioganda.

Hakuhitaji kuelezwa. Kwa miaka mitano ya masomo yake ya uzamivu alikuwa akitafiti jambo moja: kusaga chupa kuukuu na kutumia unga wake badala ya sehemu ya saruji. Ukisagwa laini kama poda, unalipa zege nguvu. Ukibaki na chengachenga, chembe za kioo zikikutana na unyevu huvimba polepole na kulipasua zege kutoka ndani. Sura ya pili ya tasnifu yake ilieleza hivyo kwa kurasa thelathini. Sura ya sita ilidai kwamba unga wake yeye ulikuwa laini.

"Hii ni ya siku gani?" aliuliza, ingawa tarehe ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Siku tuliyomwaga slabu ya zahanati," Mzee Nyundo alisema taratibu. "Kwa dada yako."

Dada yake alikuwa muuguzi mkuu wa zahanati ya mama na mtoto. Utafiti ulipohitaji jengo la kweli, dada ndiye aliyewapigia wakubwa wake magoti mpaka chumba kipya cha kusubiria kikaezekwa kwa slabu, paa bapa la zege, ya unga wa chupa. Kila mgeni alionyeshwa. "Hili zege la mdogo wangu," dada angesema, akigonga ukuta, ingawa ukuta ulikuwa wa matofali ya kawaida.

Waliingia chumba cha kinu cha kusagia chupa. Chekeche la zamani lilikuwa bado limetundikwa ukutani. Mzee Nyundo alilishusha, akapitisha vidole viwili kwenye tundu lililokuwa ukingoni.

"Nililibadilisha wiki iliyofuata," alisema. "Nikadhani limechanika siku ileile niliyolibadilisha. Kumbe lilishachanika kabla."

"Kukagua unga ilikuwa kazi yangu, mzee. Nilipima mifuko kumi ya kwanza, nikaona mizuri, nikaacha."

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kutetea tasnifu. Mtahini wa nje alikuwa ameshapata tiketi ya ndege.

Profesa, msimamizi wake, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga kalamu zake mezani, moja baada ya nyingine.

"Tasnifu yako inazungumzia nguvu ya zege la siku ishirini na nane," alisema. "Nani alikuomba ya mwaka mzima?"

"Hakuna. Nilitaka tu kujua."

"Basi umejua. Utaiandikia makala baada ya mahafali."

"Profesa, kuna watu wanaokaa chini ya lile zege."

"Limekaa mwaka mzima. Litashindwa kukaa siku tisa?" Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu aliyechoka. "Binti yangu, ng'ombe umeshammaliza, mkia usikushinde. Ukipiga kelele leo, hutakuwa na cha kutetea. Na mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimsumbua kuliko vyote: unyevu ungetoka wapi, kwenye slabu iliyozibwa vizuri isiingie mvua? Akampigia dada yake palepale, simu ikiwa juu ya meza, sauti imefunguliwa.

"Dada, juu ya chumba cha kusubiria kuna kitu chochote?"

"Si lile tangi? Lita elfu tano. Tulilipandisha miezi minne iliyopita. Kwani vipi?"

"Linavuja?"

"Kidogo tu, kwenye kiungo. Fundi bomba anatuzungusha, kila siku kesho."

Mkono wa Profesa ulisimama juu ya kalamu. Slabu haikuchorwa kubeba tangi. Wote wawili walilijua hilo, kwa sababu mchoro ulikuwa na sahihi zao.

"Piga hesabu kwanza," Profesa alisema. "Usiwatie watu hofu bure."

"Hesabu nitapigia njiani," alijibu, akanyanyua mkoba.

Alifika zahanati saa nne asubuhi. Ilikuwa siku ya chanjo. Mabenchi yote yalijaa, vichanga vinalia kwa zamu, na chumba kilinuka maziwa na dawa ya kusafishia sakafu. Alitazama juu. Dari lilikuwa na rangi mpya, lakini katikati, chini ya tangi, madoa yalikuwa yamejichora upya, na pembeni mwake michirizi myeupe.

"Tumepaka mara mbili," dada alisema, akiwa na trei ya sindano. "Doa linarudi tu, kama deni. Mbona umekuja na uso huo?"

Aliomba ngazi, akabana darini kipande cha mbao chenye unene wa sentimita tano kila upande, karibu na ukuta, akavuta uzi wa fundi kutoka kipande hadi kipande. Katikati, kati ya uzi na dari, palitakiwa pawe na sentimita tano. Aliweka rula. Palikuwa na tatu: zege lilikuwa limeshuka sentimita mbili.

Alishuka ngazi haraka.

"Dada, watoe watu."

"Watu gani?"

"Wote. Sasa hivi."

"Wewe! Nina akina mama arobaini na watatu humu. Niwapeleke wapi, juani na vichanga?"

"Popote. Pasiwe chini ya hili zege tu."

Dada alimvuta hadi kwenye korido, akashusha sauti. "Si wewe uliyesimama hapa ukaniambia hili litawazika wajukuu zetu? Si nilisema kwa mdomo wangu, mbele ya wakubwa, kwamba mdogo wangu habahatishi?"

"Nilikosea."

Dada alimtazama. Maishani mwao mote, tangu wakigombania kitana, hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Kisha akaweka trei chini, akarudi chumbani, akapiga makofi mawili. "Akina mama, leo chanjo tunachomea uani, kwenye kivuli cha ukuta wa uzio. Aliye karibu na mlango atangulie. Hakuna kukimbia, hakuna kusukumana. Namba zenu zinabaki zilezile, kwa hiyo anayewahi hapati cha zaidi." Wengine walicheka. Mmoja alilalamika kwamba ndiyo kwanza amepata pa kukaa. Ndani ya dakika sita chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa kiatu kimoja cha mtoto chini ya benchi.

Bomba la kumwagia maji ya tangi lilikuwa nje, nyuma ya jengo. Binti Zege alilifungua lote. Maji yalitoka, lakini kwa lita elfu tano ule ulikuwa mkojo wa panya. Hapo ndipo gari la Mzee Nyundo, aliyempigia simu njiani, lilipoingia, limesheheni mirunda, ile miti ya kushikilia zege bichi.

"Saa nzima kulimaliza hilo tangi," mzee alisema. "Tungoje au tuingie?"

"Likianguka na tangi, litabomoa na ukuta wa wodi. Kuna waliojifungua jana."

"Basi tuingie."

Binti alishika mti, mzee akapiga kabari chini yake mpaka ukakaza. Wa kwanza. Wa pili. Wakiweka wa tatu, juu yao kukatoka mlio mkavu, mfupi, na bamba la lipu pana kama sinia likaangukia benchi.

Mwili wake wote ulitaka mlango.

"Usiuachie," mzee alisema, hajainua hata macho. "Ukiachia mti huu, hii miwili itabeba mzigo wa mitatu. Shika."

Alishika. Jasho lilimwingia machoni, na alisikia maji yakimwagika nje, na sauti ya dada yake ikiita namba: kumi na saba, kumi na nane. Walisimamisha miti tisa. Alipotoka hakuweza kukunjua vidole.

Wahandisi wa halmashauri walikuja mchana, wakatoboa slabu, wakakuta mambo yaleyale yaliyokuwa ndani ya mchemraba. Walipoulizwa zege lingeanguka lini, walisema jambo ambalo halikumridhisha mtu: pengine wiki ile, pengine baada ya miaka kumi. Lilibomolewa. Akina mama walisubiri kwenye mahema kwa miezi saba, na kwa majuma mawili ya mwanzo dada hakupokea simu zake.

Utetezi uliahirishwa kwa mwaka mmoja. Siku moja Profesa alimrudishia rasimu ya sura mpya, imejaa wino mwekundu kuanzia ukurasa wa kwanza, na pale penye neno "bahati mbaya" alikuwa amekata na kuandika: "Uzembe wetu. Taja."

Siku ilipofika, mtahini wa nje alimwuliza swali ambalo usingizini alikuwa ameshalijibu mara mia.

"Nani alipaswa kukagua mfuko wa kumi na moja?"

"Mimi."

"Na kwa nini hukuukagua?"

"Kumi ya mwanzo ilikuwa mizuri."

Mtahini aliandika kwa muda mrefu sana. Walimtoa nje dakika arobaini, wakamwita, wakampa mkono: amefaulu, kwa masharti ya masahihisho ya miezi mitatu.

Dada alikuwa kwenye korido, na sare yake ya kazi, ametoroka zamu.

"Kwa hiyo sasa tukuite daktari?"

"Baada ya miezi mitatu."

"Afadhali," dada alisema, akimfuta chaki begani. "Maana kwetu daktari ni yule anayejua kuchoma sindano, na wewe ukiiona tu unazimia."