Herufi Moja ya Mwanakheri

Karani wa hospitali alimnyima Twaha herufi moja. Marehemu mkewe aliitwa Mwanakheri, jina la bibi yake wa Mbagala, nao kwenye kadi wakaandika Mwanaheri. Siku hali ilipombadilikia, faili la Mwanakheri likatafutwa asubuhi mpaka adhuhuri, wakasema hakuna mgonjwa wa jina hilo. Baada ya maziko Twaha alirudi kuomba angalau cheti cha kifo kiongezwe K.

"Mzee, herufi moja inakuzuia nini?" karani akamjibu. "Fomu imeshajazwa."

Tangu hapo Twaha aliwachukia wote wenye meza: waliouza kiwanda alichokuwa akifanyia kazi, waliompunguza, na huyu wa kalamu.

Mwaka tisini na saba alikuwa mlinzi na mfagiaji wa chuo cha kompyuta Kinondoni, vyumba viwili juu ya duka la vipuri. Mwalimu Demetria, binti wa Bukoba, saa ya chakula alicheza mchezo wa magari. Siku moja Twaha, ufagio mkononi, akaona bango la barabarani kwenye kioo cha kompyuta: UBUNGO.

"Haa! Ubungo nayo imo humo?"

"Nimeitia mwenyewe, Mzee Twaha. Ilikuwa LONDON."

"Kwa mashimo yale, gari zitafika?"

Demetria akacheka, akamvutia kiti. Kulikuwa na programu ya kuupasua mchezo tumbo: kushoto namba tupu, kulia herufi. Unatafuta neno, unaandika lako juu yake, unahifadhi.

"Ila kwanza weka nakala pembeni. Ukiharibu, unarudia nakala."

"Jina la mtu linaingia?"

"La nani?"

"La mke wangu."

Wiki nzima alifundisha kidole kimoja kutafuta herufi. Akachagua GAME OVER, maneno yanayotokea mchezo ukiisha. Akaandika, ile I ya mwisho ikakosa pa kukaa, akaichomeka kwa nguvu. Mchezo ulipowashwa, kioo kikawa cheusi tii.

"Umetia herufi kumi kwenye nafasi tisa," Demetria alisema. "Ukizidisha moja, zote za nyuma zinasogea, mchezo haujui tena kitu gani kiko wapi. Toa K tu, mzee. Mwanaheri. Tisa kamili."

Twaha akasimama. "Na wewe tena?"

"Nimekosa nini?"

"Hivyo hivyo waliniambiaga hospitali. Herufi moja inakuzuia nini."

Akamsimulia, amegeukia dirisha. Demetria alirudisha nakala, akashuka mstari kwa mstari, Twaha akihesabu kwa vidole.

"Hapo! HIGH SCORE. Hako kauwazi ka katikati kanahesabiwa?"

"Kanahesabiwa."

"Basi kumi. Maana yake nini?"

"Aliyepata alama nyingi kuliko wote."

"Ndiye yeye. Pale pa kwanza palikuwa pa kufia."

Mchezo ukawaka. Juu kabisa, kwa rangi ya manjano: MWANAKHERI. Twaha akavua kofia ya ulinzi.

Likakaa siku mbili. Ijumaa Mkurugenzi Alfonsi aliingia na tai yake: mgeni wa wizara anakuja. "Michezo yote ifutwe. Hiki ni chuo, siyo kibanda cha video."

"Bosi, hebu tazama kwanza," Twaha akasema.

"Nitazame nini, gari? Wewe kafagie ngazi."

Ikafutwa. Mgeni mwenyewe hakuja.

Jioni Demetria alimshushia disketi mlangoni. "Nimeuwahi mchezo, mzee. Umo humu, na jina lake."

Twaha akaipokea kwa mikono miwili. Kwake Mwananyamala hata redio ilikuwa ya betri, angeichomeka wapi? Akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Demetria, kwa haraka zake, alikuwa ameandika: MWANAHERI.

"Jamani! Nisamehe, baba."

"Nipe kalamu."

Akaweka alama ndogo baada ya A ya pili, akaibana K juu yake. Ikakaa. Hakuna herufi iliyosogea, hakuna kilichozimika. Akamrudishia kalamu.

"Umeona ilivyochukua muda mfupi?" akasema. "Umeona?"