Nafungua

Duka la miwani lilikuwa na vyumba viwili na dada wawili walionuniana. Mkubwa alipokea wateja mbele, mdogo alipima macho nyuma. Tangu mkubwa auze cherehani ya marehemu mama yao bila kumshauri mtu, mdogo hakumsemesha tena, na mkubwa naye alikaza uzi.

Vipimo vya wateja vilikaa kwenye faili moja, katika diski waliyoifikia wote kwa mtandao. Asubuhi moja waliandika wote kwa wakati mmoja, faili likaharibika na vipimo vya wiki nzima vikapotea.

"Faili la namna hii halistahimili watu wawili kwa mpigo," fundi wa kompyuta akasema. "Nitawaletea seva. Kwa sasa, anayefungua amwambie mwenzake kwanza."

"Hatuongei," mdogo akasema.

"Basi nunueni kengele, dada zangu."

Hawakununua. Mdogo alivumilia mpaka mteja aliyekuwa kitini akaanza kusonya, ndipo akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Nafungua."

Sauti ya mkubwa ikarudi kutoka mbele.

"Fungua. Ukimaliza useme, nisije nikazeeka nakungoja."

"Umeshazeeka."

Kule mbele mtu alikohoa kama anayeficha kicheko.

Fundi aliporudi, aliunganisha seva na kueleza kwa madaha kwamba sasa wangeweza kufungua wote bila kuambizana. Wakamshukuru, akaenda zake. Mdogo akarudi kwenye kiti chake, akashika kipanya, akasita.

"Dada," akaita, "nafungua."