Upande wa Kulia wa Papaji

Baba mkwe wangu, Mzee Surinder Singh, ambaye nyumbani sote tunamwita Papaji, hapendi kuambiwa pole pole. Ukimwambia, anakanyaga mafuta zaidi. Ukinyamaza, anakuuliza kwa nini umenuna. Kwa hiyo siku ile tulipotoka Kitale kwenda Bungoma kumjulia hali rafiki yake aliyevunjika nyonga, nilijikalia kimya na bakuli la ladu, vitamu vya kumpelekea mgonjwa, mapajani, kama mke wa mwana anavyotakiwa kukaa.

Mbele tu ya duka letu la vifaa vya ujenzi kuna raundabauti ndogo, matairi machache yaliyopakwa chokaa katikati ya njia. Tulipoikaribia, bodaboda wote walisimama. Lori la mahindi kutoka sehemu za Kwanza nalo likasimama. Papaji akapita bila kugeuza kichwa, akainua kidole kimoja juu ya usukani kuwashukuru.

"Umeona?" akaniambia kwa Kipunjabi. "Kitale watu bado wana adabu. Mtu anayejulikana hupishwa."

"Ndiyo, Papaji," nikasema.

Adabu gani! Walisimama kwa sababu mimi niliwaomba.

Shingo ya Papaji haigeuki kulia. Ilianza kukakamaa baada ya mama mkwe kufariki, kidogo kidogo, mpaka ikawa akitaka kumwona mtu wa upande huo anageuza kiwiliwili kizima. Na raundabauti ni mambo ya kulia. Sheria yake hata mwanafunzi wa udereva anaikariri: aliyekwisha kuingia kwenye mzunguko, anayekuja kutoka kulia kwako, mpishe. Papaji alikuwa hampishi mtu kwa kuwa alikuwa hamwoni mtu. Mara moja nusura amgonge mwuza maziwa na baiskeli yake, kisha akamlaumu kwa kuota ndoto barabarani.

Ningemwambia nani? Mume wangu Deep ni simba kwa wateja, lakini mbele ya baba yake ni kuku aliyenyeshewa. Na kwetu, mke wa mwana hamwambii baba mkwe kwamba amezeeka. Humpikia chakula laini zaidi, basi, yaishe. Nikaenda kwa Kipngetich, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, nikamwambia wakiona ile pikapu yetu ya buluu wasimame ipite.

"Hiyo si kazi, Mama Kiran," akasema. "Huyo mzee ni wetu."

Wakaifanya kwa moyo mweupe. Madereva wengine walipoona bodaboda wamesimama, nao wakazoea kusimama. Papaji akaanza kuwaeleza wageni dukani jinsi mji unavyomheshimu, nami nikawa nawamiminia chai nikijiona mwerevu kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani husikiliza wahenga mambo yakimwendea vizuri?

Bungoma hakuna Kipngetich.

Tuliingia mjini kukiwa na jua kali, tukafika kwenye raundabauti nyingine ndogo karibu na soko. Kulia kwetu niliona Probox nyeupe imeshaingia, inazunguka taratibu, ina haki yake yote.

"Papaji, gari!" nikasema.

Papaji akainua kidole chake kimoja kushukuru, akaingia.

Tuliigonga ubavuni. Mlango wake wa kushoto ulibonyea, ladu zangu zikaruka hadi kwenye kioo, kisha nikasikia sauti ambayo sikuitarajia kabisa: vifaranga. Probox ilikuwa imejaa masanduku ya vifaranga, na moja lilikuwa limepasuka. Vikamwagika barabarani, vya manjano, vinalia, na watu wakaanza kuvikimbiza kati ya magurudumu.

Dereva alishuka mzima, Mungu ni mwema. Alikuwa msichana mwembamba wa Naitiri, jina lake Nyambu.

"Mzee, si nilikuwa ndani tayari?" akasema. "Si umeniona?"

"Wewe nyamaza!" Papaji akanguruma. "Mimi nimeshika usukani kabla baba yako hajazaliwa! Hujafundishwa kupisha watu? Kwetu Kitale gari zote zinasimama!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kana kwamba hayo hayatoshi, akatokea Kagwe, mwenye duka la mabati ambaye hununua kwetu bidhaa zake. Alikuwa hajaona chochote, lakini mdomo wake haujawahi kusubiri macho.

"Mzee Surinder namjua miaka mingi, hawezi kukosea," akatangaza. "Ni hawa wasichana, bana. Wanapewa gari ati kwa sababu wanajua kucheka na tajiri."

Watu wakacheka. Nyambu alikuwa amechuchumaa, anaokota vifaranga na kuvitia ndani ya sweta yake.

Polisi alipofika, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alimsalimia Papaji kwanza, akamwita mzee wangu. Hapo nikajua upepo unakoelekea. Nyambu naye alijua.

"Afande, nimeandikwa kazi juzi tu," akasema. "Tajiri aliniambia nikigonga kwa makosa yangu, nirudishe funguo. Na ikisemekana nimekosa, hakuna mtu mwingine hapa Bungoma atanipa gari. Nyumbani ni mimi wanategemea."

Nilimsogelea Papaji nikamwambia polepole kwa Kipunjabi, "Msichana alikuwa ndani. Sisi ndio tulipaswa kusimama."

Hakunitazama. "Hata wewe?" akasema. "Rudi garini, Harpreet."

Nikarudi. Sitajipamba. Nilirudi, nikafungua mlango, nikaketi juu ya ladu zilizopondeka, nikaanza kujiambia kwamba bima itashughulikia, kwamba msichana ni kijana, atapata kazi nyingine. Uongo ni rahisi sana ukiwa umeketi. Kupitia dirishani nilimwona Nyambu akijipangusa macho kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa imejaa vifaranga.

"Mama," polisi akaniita. "Wewe ulikuwa ndani ya gari. Hebu shuka utuambie. Umeona nini?"

Nikashuka. Papaji alikuwa ametulia tuli, mikono nyuma, bila wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na hakika kabisa kwamba mke wa mwanawe hawezi kumwaibisha mbele za watu. Ilikuwa ni imani, na imani hiyo ndiyo iliyoniuma.

Husemwa heri lawama kuliko fedheha. Mimi nilikuwa nimepakuliwa zote mbili kwenye sahani moja.

"Msichana alikuwa ndani," nikasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Sisi tumeingia bila kuangalia. Mzee hawezi kugeuza shingo kulia."

"Anasema nini huyu!" Papaji akafoka. "Kitale kila siku napita na watu wote..."

"Kitale wanasimama kwa sababu niliwaambia wasimame, Papaji. Ni mimi. Niliwaomba watu wa boda."

Kijana mmoja akapasuka kicheko. "Woi! Ati mzee anasimamishiwa town mzima!"

Kicheko kikaenea. Mimi nilikuwa nimesimama kulia kwa Papaji, naye akataka kunitazama usoni. Shingo ikakataa. Ikabidi azungushe mabega, kiuno, na miguu yote miwili, hatua ndogo ndogo, mpaka akanifikia. Kila mtu aliona. Hata Kagwe aliinama akawa anakagua viatu vyake.

"Nyamazeni nyinyi," polisi akawaambia watu. Kisha kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, ni kweli?"

Papaji alinitazama. Sikuona hasira, na ningeshukuru kama ningeiona.

"Ni kweli," akasema. "Andika ni mimi."

Nyambu akaja kwake, sweta bado imetuna na inalia, machozi yakimtiririka kwa kufarijika. Alikuwa na moyo mzuri yule msichana. Hilo ndilo lililoharibu mambo zaidi.

"Pole sana, mzee," akamwambia. "Sasa nimejua gari yako. Hata huku Bungoma nikiiona nitasimama upite. Na nitaambia hawa wengine pia wawe wanasimama."

Alisema kwa huruma tupu. Ningependa angemtukana. Papaji, ambaye nimemwona akibishana na machifu na maofisa wa kodi, midomo yake ilianza kucheza.

"Usisimame, mwanangu," akasema. "Tafadhali. Mtu yeyote asinisimamie tena."

Hatukufika kwa mgonjwa. Pikapu ilikuwa bado inatembea, kwa hiyo shughuli zilipokwisha niliendesha mimi kurudi nyumbani, na Papaji akaketi pale nilipokuwa nimeketi, bila hata kupangusa kiti. Tulikuwa tumepita Kamukuywa nilipopata ujasiri wa kumwomba msamaha kwa kumvunjia heshima mbele za watu.

"Si hayo ya leo," akasema. "Ya leo ulifanya sawa. Lakini hiyo miaka yote, Harpreet. Wenye boda walijua. Wateja walijua. Nilikuwa nasimama dukani nawaeleza watu jinsi ninavyoheshimiwa, na wewe uko hapo hapo na birika la chai, unanisikiliza."

Nikabadilisha gia.

"Ungeniambia jikoni," akasema, "ningekasirika siku moja tu."