Unaenda Lini, Mama?

Kufikia siku ya saba Nyawira alikuwa amebaki miguu miwili iliyovimba na tabasamu lisilobanduka usoni.

Mama mkwe wake, Bi Mishi, alikuwa ametoka Mombasa kuja kuwatembelea Gatongora, upande wa Thika, kwa mara ya kwanza. Miaka mitano alikuwa amekataa. Hata arusini hakufika; alisema kama mwanawe Junaid ameamua kuoa bara, basi na aozwe na watu wa bara. Sasa alipokubali kuja, Nyawira aliapa moyoni kwamba mama huyu hatarudi pwani na neno baya la kusema juu yake. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote.

Kwa hivyo aliamka kila alfajiri kukanda mahamri aliyojifunza kwenye simu. Kisha matembezi. Junaid alisema mgeni lazima aonyeshwe Thika, halafu huyo, akaenda zake kazini. Wanaume ni hodari wa kualika. Nyawira ndiye aliyempeleka mama kwenye maporomoko ya Chania, akampeleka kwenye mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho, akapanda naye Ol Donyo Sabuk mpaka nusu. Kila mahali Bi Mishi alisema, "Mashallah, pazuri," akanyamaza. Kimya hicho kilimchosha Nyawira kuliko mlima.

Siku ya saba ilikuwa Jumapili, na Junaid alikuwa ametoka kuazima gari la jirani ili mama apelekwe kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Nyawira alitaka kujua kama ni asubuhi au baada ya sala ya adhuhuri, apate kupanga mapishi. Akamimina chai, akauliza kwa Kiswahili cha Kamenu, alikokulia:

"Mama, kwani unaenda lini?"

Pwani humuulizi mgeni swali hilo hata akikaa mwaka. Bi Mishi aliweka kikombe chini taratibu.

"Haya. Nimesikia."

Akaingia chumbani. Nyawira alipomfuata, alimkuta anakunja leso zake za kujitanda, mkoba uko wazi kitandani.

"Wooi! Mama, unafanya nini?"

"Si umeniuliza n'nakwenda lini? Basi n'nakwenda leo. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji asipopona, mgeni huondoka."

"Nilikuwa namaanisha Fourteen Falls, Mama! Saa ngapi, ndio nijue kama nitapika!"

Bi Mishi alimkazia macho. "Wallahi?"

"Haki ya Mungu."

"Na kukaa kwangu hapa, hakujakuchosha?"

Mkwe mwenye akili hapo husema hapana. Nyawira alifungua mdomo aseme hapana, akaangua kilio. Akajibwaga kitandani, juu ya leso zilizokwisha kunjwa.

"Nimechoka, Mama. Si wewe, ni hii kutembea. Miguu inaniuma, na hizo mahamri, na wewe hata husemi kama unafurahi. Nimechoka sana."

Alijua amekwisha. Miaka mitano ya kungoja, na ameiharibu kwa dakika moja.

Bi Mishi akavua viatu, akaketi kando yake kwa kishindo.

"Magoti yangu yawaka moto tangu ule mlima," akasema. "Kila kukicha najiambia leo nitamwambia basi. Nikitoka nakukuta ushavaa viatu. Nikasema, huyu apenda matembezi, nisimvunje moyo, akaja akaniona mkwe mwenye nongwa."

"Mimi? Mimi sipendi kutembea hata kidogo! Huko Chania, kabla wewe uje, mara ya mwisho nilipelekwa na shule."

Bi Mishi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akausukuma mkoba sakafuni, akamlaza Nyawira pale pale na kumfunika leso.

Honi ililia langoni. Macho ameyafumba, usingizi bado haujamchukua, Nyawira alisikia dirisha likifunguliwa.

"Punguza kelele, Junaid," Bi Mishi alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu amelala. Nenda kayatazame wewe hayo maji."