Fanusi za Concepta

"Hiyo hapana," alisema Malachy. "Ukiiweka hiyo getini watu watadhani tumefungua kituo cha polisi."

Concepta, mkewe, akairudisha taa kwenye rafu, akachukua nyingine, nyeusi, yenye kofia iliyochongoka.

"Na hii?"

"Makaburini."

Dada wa duka la vifaa akauma mdomo asicheke. Alimjua Malachy Tiernan; nani asiyemjua? Kwa miaka thelathini na kitu ndiye aliyejenga nguzo za mageti karibu yote ya Drumgarve: za mawe, za matofali, hata zile zenye simba wawili ambao mpaka leo anakana kuwaweka. Na kila nguzo aliyoijenga, taa iliyokuja kukaa juu yake alikuwa na neno nayo. Za daktari wa mifugo zilikuwa za bandarini. Za jirani yake, Dympna Gilhooly, aliziita vikombe vya kulia mayai, tena alilisemea hilo nyumbani kwa Dympna mwenyewe, mbele ya watu, mdomo umejaa keki yake.

Kwake hapakuwa na nguzo hata moja. Palikuwa na magogo mawili yaliyoinama kama walevi wanaosalimiana, na geti kuukuu lililofungwa kwa kamba ya buluu, ile ya kufungia majani ya ng'ombe. Concepta alipika katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila asubuhi alifungua kamba, kila jioni akaifunga, miaka thelathini na moja. Siku za barafu fundo liligoma, akalifungua kwa meno.

Lakini sasa zamu ya misa ilikuwa imewafikia. Huku kwetu padri huzunguka kusalisha majumbani, na ikifika kwako, baada ya miaka kumi na kitu, ndipo nyumba inapopakwa rangi, kochi linabadilishwa na mbwa anaogeshwa. Ijumaa ijayo jioni majirani wote watapita getini kwa Malachy. Na kila aliyewahi kuchekwa taa zake atakuja na macho yake yote mawili.

"Hizi," alisema Concepta.

Alikuwa amechuchumaa kwenye rafu ya chini. Mikononi alishika fanusi ya shaba, si kubwa, yenye vioo vyenye mawimbimawimbi, kama dirisha linalotiririkwa na mvua. Aliishika kwa mikono miwili, kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Malachy akafungua mdomo. Akamwangalia mkewe usoni. Akaufunga.

"Nguzo zenu zina urefu gani?" aliuliza dada wa duka.

"Zitaishia hapa," Malachy akagusa kidevu chake.

"Basi zitakaa vizuri. Fanusi inatakiwa iwe theluthi ya—"

"Mwanangu, hiyo theluthi naihubiri tangu hujazaliwa."

Wakanunua mbili.

Shida ilikuwa mawe. Yalitoka kwenye zizi lililobomoka la baba yake Concepta, ya kijivu yenye michirizi ya kutu, na kila moja lilikuwa na uso mzuri kuliko mwenzake. Jumatatu Malachy alifika kiunoni. Jumanne alifika kidevuni, akasimama, akarudi nyuma hatua nne, akaona jiwe moja limebaki kwenye nyasi linamtazama. Hili nalo, alijiambia. Kisha hili. Katika maisha yake yote alikuwa akijengea watu wenye haraka na vipimo vyao. Hizi zilikuwa zake. Jumatano mchana alikuwa juu ya ngazi.

Akaweka kofia za zege, akafunga fanusi kwa muda, akamwita mkewe.

Concepta akatoka, mikono ina unga. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akakaa kwenye toroli na kucheka mpaka machozi.

"Malachy! Chupa za chumvi!"

Malachy akatoka barabarani aangalie kwa mbali. Ilikuwa kweli. Nguzo mbili kama minara ya kanisa, na juu yake vitu viwili vidogo, vimejikunyata, utadhani njiwa wameogopa kushuka.

Gari likapunguza mwendo. Dympna Gilhooly akateremsha kioo taratibu, kama mtu anayefungua zawadi.

"Kazi njema, jirani."

"Asante, Dympna."

"Mayai nilete mangapi Ijumaa?"

Akaenda zake, na kicheko chake kikafika konani kabla ya gari.

Jikoni Malachy alimaliza chai bila kuionja. "Kesho nakwenda mjini," alisema. "Nazirudisha, nachukua zile kubwa."

"Za kituo cha polisi?"

"Zitatosha nguzo."

Concepta alikuwa anakata matofaa ya keki. Kisu kikasimama.

"Sikiliza, mzee. Nyumba hii tuliipaka rangi uliyochagua wewe. Mabomba ulichagua wewe. Mbwa, wewe. Fanusi nimechagua mimi. Mara moja tu." Kisu kikaendelea. "Nguzo nani alikwambia uzipandishe mpaka mbinguni?"

Malachy hajawahi kubomoa kazi yake hata siku moja. Alizoea kusema kwamba kazi yake, akishaiacha, itabomolewa na siku ya kiyama. Alisimama dirishani, akaziangalia. Zilikuwa nguzo nzuri kuliko zote alizowahi kujenga. Hilo ndilo lililomuuma.

Alhamisi asubuhi, mvua ya manyunyu, alipanda ngazi na nyundo na patasi.

Chokaa ilikuwa bado laini. Kozi ya kwanza, ile safu ya mawe ya juu kabisa, ikatoka, ya pili, ya tatu. Barabara yetu ni nyembamba na haina siri. Kila gari lililopita lilimwinulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama desturi ya kusalimiana, na nyuma ya kila kidole kulikuwa na meno yanacheka.

"Malachy, unajenga kwenda chini siku hizi?"

"Mitindo mipya."

"Umekosea kushika ramani juu chini?"

"Ramani anayo mke wangu. Kamuulize."

Concepta aliporudi kazini jioni alimkuta amepiga magoti matopeni, pima maji mkononi, akiisawazisha kofia ya nguzo ya pili. Kozi saba zilikuwa chini. Nguzo zilimfika kidevuni. Alimshikia mwavuli, mwenyewe akilowa, mpaka kiputo cha pima maji kikatulia katikati.

Mawe yaliyobaki Malachy aliyapanga Ijumaa asubuhi kando ya geti, upande wa ndani, akalaza ubao mpana juu. Hakumwambia mtu ni kitu gani.

Taa aliziunganisha mchana, na mchana taa haikuonyeshi chochote. Kwa hiyo jioni ile, watu wamebanana jikoni na Padri Hession anahubiri nyuma ya meza ya kulia, Malachy alikuwa anachungulia dirishani. Mara ya tatu padri akanyamaza.

"Malachy, bado halijaingia giza. Nitakuambia likiingia."

Jiko zima likacheka, na Malachy, masikio mekundu, akaangalia viatu vyake.

Baada ya chai na keki watu walianza kuondoka, maana yake walianza kuaga, jambo ambalo huku kwetu huchukua muda. Magari yalikuwa nje barabarani, kwa hiyo wote walitembea hadi getini. Malachy akabonyeza swichi, akabaki mlangoni. Hakuthubutu kwenda.

Mwanga haukuruka juu. Ulitoka kwenye vile vioo vya mawimbi ukiwa wa asali, ukawakuta watu usoni kabisa. Padri, daktari wa mifugo, wazee wawili waliokuwa hawasalimiani tangu Krismasi: kila mmoja alionekana kana kwamba amepewa habari njema. Na kwa sababu walionana vizuri, hawakuondoka. Walisimama pale katikati ya nguzo wakaanza mazungumzo upya.

Dympna ndiye aliyeketi wa kwanza kwenye ule ubao. Akaziangalia fanusi, moja, halafu nyingine.

"Malachy!" aliita. "Njoo hapa nikutukane vizuri!"

Akaenda. Watu wakasogea kusikiliza.

"Zangu zilikuwa ndogo kweli," alisema Dympna. "Lakini sikukukosea mpaka uniambie na keki yangu mdomoni."

"Keki ilikuwa nzuri, Dympna."

"Najua ilikuwa nzuri. Sogea, unanizibia mwanga."

Wa mwisho alipoondoka, Malachy alikuwa ameshaanza kuosha vikombe. Concepta alibaki nje. Dirisha lilikuwa wazi kidogo, kamba ya buluu iko juu ya kingo lake, bado na fundo. Malachy akasikia komeo jipya la geti likiingia mahali pake: ta.

Kimya kidogo. Bawaba zikalia, geti likafunguliwa.

Ta.

Malachy akafunga bomba la maji ili asikie vizuri, akasubiri "ta" ya tatu.