Kifo cha Pili cha Lazaro

Yotamu alikuwa mwalimu wa misheni tangu siku Wajerumani walipojenga kanisa Ipyana, na mwaka wake wa kumi na mbili kazi ilikuwa imemchosha.

Masika yale alimwombea binti wa Asegelile, mama mfinyanzi wa kabila la Wakisi aliyeishi karibu na ziwa, upande wa Ngonga. Mtoto alikuwa amekata kauli, na wanawake wameshaanza kulia. Akafumbua macho, akaomba maji. Jumapili Yotamu akahubiri habari za Lazaro aliyefufuliwa, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Miezi miwili baadaye homa ilirudi ikamchukua mtoto.

Asegelile hakulia mbele ya walimu. Aliuliza tu, "Huyo Lazaro wenu alikufa tena? Nani alimzika?"

Jumamosi, Yotamu akalipeleka swali kwa walimu wenzake wawili.

"Hakufa," alisema Hezroni. "Bwana amwite mtu kaburini, kisha afe tena? Alipaa, kama Eliya."

"Ingeandikwa," alisema Andongwisye. "Kilichoandikwa ni kwamba makuhani walitaka kumwua. Mimi nasema alikimbilia mbali, akahubiri mpaka uzeeni."

"Mbali wapi?"

"Mbali."

Walibishana mpaka ndizi walizopikiwa zikapoa. Yotamu alifunua kurasa za Injili mbele na nyuma. Mtu katoka kaburini, kaketi mezani na watu, kisha basi, hatajwi tena.

"Mwambie mama wa watu alipaa," alisema Hezroni. "Atafarijika."

"Akiniuliza mbona bintiye hakupaa?"

Hezroni akavuta sahani yake, akaanza kula.

Jumatatu Yotamu alikatiza mashamba ya mpunga, matope magotini. Alimkuta Asegelile akikanda udongo wa vyungu.

"Ugonile, mama," alimsalimu.

"Karibu, mwalimu. Umeniletea jibu?"

"Halikuandikwa. Wenzangu wana mawazo yao. Mimi nadhani alikufa. Aliugua kama watu wanavyougua, wakamzika."

Mikono ya Asegelile ikatulia. "Na dada zake, walilia tena?"

"Hilo nalo halikuandikwa." Alitaka kuishia hapo, akashindwa. "Lakini walilia, mama. Walilia kuliko mara ya kwanza."

Ndipo Asegelile akalia, akaangusha kichwa juu ya lile bonge la udongo, mabega yakimtikisika. Yotamu alijua mwalimu angepaswa kuomba sasa. Lakini alikaa tu chini kando yake mpaka kilio kikaisha, na mama yule akafuta uso kwa kiwiko, akasema "Ndaga, mwalimu," asante, akarudia kukanda.

Jumapili ilikuwa zamu ya Hezroni. Akafundisha kwamba Lazaro alipaa, kwa sauti nzuri, na kanisa zima likafurahi.

"Umeona walivyopokea?" aliuliza walipotoka nje.

"Nimeona," alisema Yotamu. Akaenda nyumbani, akalala mchana kweupe.