Dakika Tatu za Mashoto

Walimwita Mashoto tangu angali mtoto, kwa kuwa kila kitu alikishika kwa mkono wa kushoto: kijiko, kalamu, hata ufagio. Jina lilimganda, likamfuata hadi mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari, na huko akaongezewa sifa ya pili, ya kuota mchana kweupe. Alikuwa anaweza kukaa kiti cha mbele kabisa, macho kwa profesa, na roho yake iko mbali inatembea peku. Wenzake wakimpungia mkono usoni, "Mashoto, upo?" hujibu kwa upole, "Nakuja."

Basi mtu wa namna hiyo aliposimama kugombea uafisa ubunifu wa chama cha wanafunzi wa upasuaji, cheo cha kuleta vifaa na mbinu mpya, wengi walidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Chama kilikuwa na ngozi mbili tu za mpira za kujifunzia kushona majeraha, na wanachama walikuwa karibu mia. Zilikuwa zimetobolewa mpaka zikawa kama chujio. Mashoto alipanga foleni majuma matatu, na zamu yake ilipofika, sindano ilipita bila kukamata chochote. Tena mwalimu wa mazoezi alifundisha mafundo kwa mkono wa kulia, wanafunzi wamesimama nyuma yake wakichungulia juu ya bega lake. Mashoto alipouliza wa kushoto wafanyeje, mwalimu alikuna kichwa. "Kusema kweli, sijui," akasema. "Jaribu hivyo hivyo."

Akaenda kujaribu kwa shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi makochi, na karakana yake ilikuwa uani, chumba kirefu chenye dirisha moja. Mchana jua lilipoingia, vumbi la sponji lilielea hewani taratibu, likametameta, mtu akiingia hujiona kama yuko chini ya maji. Naye shangazi alitumia mkono wa kushoto. Damu ni damu. Mashoto alimtazama akishona mgongo wa kochi kwa sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, mishono ikifuatana bila haraka, na moyo ukamruka. Ilikuwa sindano ile ile ya hospitalini, ila kubwa.

"Shangazi, naomba vipande unavyotupa."

"Vya nini?"

"Nataka kutengeneza mtu."

Shangazi alitoa misumari midogo aliyoibana midomoni. "Mtu mzima?"

"Kipande chake tu."

Wakakaa chini pamoja. Juu wakaweka ngozi bandia, iwe ngozi ya mgonjwa. Katikati sponji ya manjano, iwe mafuta. Chini turubai, iwe msuli. Mashoto akapasua kwa wembe, kidonda kikafunguka mdomo kama kidonda cha kweli.

"Mwili wa mtu si kochi, mwanangu," shangazi alisema.

"Najua. Lakini sindano haijui."

Akashona mpaka mwanga ukahama kutoka ukuta huu hadi ule. Kila mshono ulikuwa kama hatua kwenye njia isiyo na watu, na mwisho wa njia palikuwa na utulivu asioweza kumweleza mtu. Alipoinua kichwa, shangazi alikuwa amefunga kazi zamani na chai imepoa.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kila mgombea alipewa dakika tatu. Alianza kijana wa mwaka wa nne, wenzake wakimwita Bwana Slaidi, kiatu kinang'aa, ulimi umelainika. Alionyesha picha za roboti zenye mikono minne, miwani inayoona ndani ya mwili, na mishale ya rangi ikipanda juu kila upande. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Ikawa zamu ya Mashoto. Alikuwa na hotuba nzuri kwenye karatasi. Alipanga kuonyesha mishono miwili tu, kisha azungumze. Akasema, "Hamjambo," akaweka kipande chake mezani, akakipasua, akaanza.

Hapo ndipo alipopotea. Ukumbi ulirudi nyuma pole pole, viti, nyuso, projekta, vyote vikafifia kama vitu vinavyoonekana kupitia pazia jeupe. Ikabaki sindano, ikizama na kuibuka. Ikabaki ngozi ikiisogelea ngozi. Mshono wa tatu, wa sita, wa tisa. Kidonda kikafumba kidogo kidogo kama jicho lenye usingizi.

Kengele ikalia.

"Muda umekwisha, mgombea," alisema mwenyekiti.

Mashoto alishtuka. Karatasi ya hotuba ilikuwa bado imekunjwa mfukoni. Kicheko kikapita ukumbini, si cha ubaya, lakini kilimchoma. Sauti ya nyuma ikasema, "Huyu amegombea kimyakimya!"

Bwana Slaidi alipata kura sitini na moja. Mashoto alipata thelathini na nane.

"Umeshinda?" shangazi alimuuliza mlangoni.

"Nimeshindwa."

"Uliwaambia nini?"

"Hamjambo."

"Kisha?"

"Basi."

Shangazi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Mashoto, ambaye njia nzima alikuwa amebana machozi, akajikuta naye anacheka, machozi yakipata njia yao humo humo.

Jumanne mchana mtu alibisha hodi karakanani. Alikuwa Bwana Slaidi, kiatu kimejaa matope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una kochi?"

"Sina. Namtafuta Mashoto." Akamgeukia. "Mlezi wa chama ameniuliza roboti iko wapi. Hatuna hata uzi. Na mimi..." alishusha sauti, "sijawahi kufunga fundo lisilofunguka."

Wivu ulimpita Mashoto kifuani, ukasimama kidogo, ukaondoka. Mtu huyu alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu, kukiri. Si wengi wanaoweza.

"Kaa hapo," alimwambia. "Mbele yangu, si nyuma."

Wakakaa ana kwa ana, kipande kikiwa kati yao. Mkono wake wa kushoto ulipokwenda, wa kulia wa yule kijana uliufuata kama kivuli majini. Fundo la kwanza lilifunguka. La nne likashika. Bwana Slaidi alilivuta, akalivuta tena, akatabasamu kama mtoto.

"Tutengeneze vipande vingapi kama hiki?" akauliza.

"Ishirini," Mashoto alisema. "Na somo la wa kushoto, kila Alhamisi. Nitafundisha mimi."

"Sawa. Mlezi nitamkabili mwenyewe."

Shangazi aliyekuwa akisikiliza alikohoa. "Kwa kuwa vidole vyenu havina kazi, malizieni mgongo wa kochi hili. Mwenyewe yuko njiani."

Wakashona, mmoja kutoka kila upande, wakakutana katikati. Mvua ilianza kunyesha juu ya mabati. Mwenye kochi akafika, mzee mnene mwenye mwavuli, akaketi kulijaribu, akaegemea, akapumua kwa nguvu. Kabla hajatoa neno, usingizi ukamchukua.

Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Wakakaa sakafuni wakikata sponji, wakinong'onezana, na mzee akikoroma juu ya mishono yao.